Nilivyourudisha Uso wa Bibi

Nawasimulia kosa nililolifanya wakati wa likizo iliyopita, ili mwenzangu ajifunze kwangu kabla halijampata yeye.

Bibi yetu mzaa mama alifariki mwaka jana. Hakupenda kabisa kupigwa picha, na mahali pekee anapoonekana akitembea na kucheka ni katika kanda ndogo ya harusi ya mama mdogo, iliyopigwa na mjomba mwaka 2004. Kanda hiyo ilikwisha kuhamishiwa katika kompyuta. Basi, kwa kuwa mimi ni mwanachama wa chama cha kompyuta hapa shuleni, Mama alinipa kazi ya kuikata na kuipanga, ili jamaa waitazame siku ya kumkumbuka marehemu.

Nilifanya kazi hiyo siku tatu. Nilipoiweka picha katika programu ya kuhariri, niliona pande mbili, kulia na kushoto, zimebaki nyeusi. Nikadhani ni aibu kuonyesha picha isiyojaa. Nikaivuta kwa pembeni mpaka ikajaa kioo chote, nikatoa video yangu, nikalala kwa furaha.

Siku ilipofika, jamaa walikaa sebuleni. Bibi akatokea, lakini masikini! Uso umeumuka kama andazi, mabega mapana kama ya mpagazi. Mtoto mmoja akacheka. Mama akatazama kidogo, akasema, "Huyu si mama yangu," akainuka akaenda jikoni. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Shule ilipofunguliwa nilimwendea mwalimu wetu wa kompyuta. Hakunikaripia. Aliniuliza, "Je, katika picha yako kuna kitu cha mviringo?" Nikakumbuka ungo uliotundikwa ukutani nyuma ya Bibi. Akaniambia niupime kwa rula juu ya kioo. Upana ulikuwa sentimita 12, na kimo sentimita 9. "Basi," akasema, "umempanulia bibi yako kwa theluthi nzima."

Akanieleza kwamba tangu miaka ya 1890, katika karakana ya Thomas Edison huko Marekani, picha za sinema zilipewa upana wa sehemu 4 kwa kimo cha sehemu 3, na baadaye televisheni ikafuata umbo hilo. Vioo vya siku hizi vingi ni 16 kwa 9. Tena, kanda yetu ina pikseli 720 kwa 576, na ukizigawa utapata 5 kwa 4, wala si 4 kwa 3. Sababu ni kwamba pikseli za kanda ile si za mraba. Upana wake wazidi kimo kidogo. Programu isipoambiwa hivyo, humfanya mtu awe mwembamba kuliko alivyo.

Nikaanza upya. Kwanza, niliiacha ile video iliyoharibika, nikairudia picha ya asili. Pili, niliiambia programu kwamba picha hii ni ya 4 kwa 3. Tatu, nilifunga upana na kimo viende pamoja, nikaikuza picha mpaka kimo kikafika pikseli 1080, na upana ukawa 1440. Kioo kina 1920, kwa hiyo zikabaki 240 nyeusi kila upande. Nne, wakati wa kutoa video nilichagua 1920 kwa 1080, sawasawa na kipimo nilichofanyia kazi. Nikaupima ungo tena: 9 kwa 9.

Mwisho wa juma niliipeleka nyumbani. Mama aliitazama hadi mwisho bila kusema neno. Kisha akajifuta macho, akasema, "Ndiye. Irudie, mwanangu." Hata siku moja hakuniuliza habari za weusi wa pembeni.

Ndugu zangu, nafasi tupu si aibu. Aibu ni kuijaza kwa kumharibu mtu uso wake. Kwa hiyo kabla hujawaonyesha watu video yako, tafuta ndani yake sahani, gurudumu au ungo, uchukue rula, upime.