Kiwanja Hutazamwa Masika

Mtu akitaka kuoa huuliza habari za ukoo wa mchumba. Lakini akitaka kununua kiwanja, aghalabu huuliza bei tu. Nami nilikuwa mmoja wa watu hao. Leo nawasimulia wenzangu yaliyonipata, ili wasije wakalilipia tena somo nililokwisha kulilipia mimi.

Mwaka 2011 tulikuwa tukiishi na watoto wetu watatu katika vyumba viwili vya kupanga huko Buguruni, Dar es Salaam. Kwa miaka sita tulikuwa tumeweka akiba kidogo kidogo, mke wangu kutokana na vitumbua vyake, mimi kutokana na mshahara wa kiwandani. Mwezi wa Agosti dalali mmoja alitupeleka kwenye kiwanja katika bonde la Mto Msimbazi. Bei ilikuwa nafuu, ardhi ilikuwa tambarare, na barabara haikuwa mbali. Kwingineko majani yalikuwa yamekauka, bali pale yalikuwa mabichi kabisa. Nilifurahi, nikasema moyoni: hapa mama watoto atapanda mchicha.

Yeye hakufurahi. Aliyatazama matete yaliyoota pembeni, kisha akanionyesha ukuta wa nyumba ya jirani. Ulikuwa na alama ya tope kavu, usawa wa kiuno. Vizingiti vya milango navyo vilijengwa virefu hadi magotini. "Baba watoto," alisema kwa upole, "kiwanja hiki tuje tukitazame tena mvua ikinyesha."

Dalali alicheka, akadai kwamba mnunuzi mwingine yu njiani. Niliona haya mbele ya mwanamume mwenzangu. Kesho yake nilirudi peke yangu, nikatoa arbuni ya shilingi laki tatu, bila ya kumwambia mke wangu.

Desemba mwaka ule ule mvua kubwa zilinyesha jijini. Mafuriko yaliwaua watu zaidi ya 40, na maelfu wakakosa makao. Baadhi ya watu wa bondeni Serikali iliwahamishia Mabwepande. Nilipokwenda kukitazama kiwanja changu sikukiona. Nilichokiona ni maji ya tope, na paa la nyumba ya yule jirani. Dalali naye sikumpata tena.

Jioni hiyo nilimweleza mke wangu yote. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Fedha zitatafutwa. Ila safari nyingine usinifiche."

Masika ya mwaka 2012 tulianza upya, safari hii wawili, mwavuli mkononi. Kila tulipoonyeshwa kiwanja tulitazama kwanza maji yanakotoka na yanakoelekea. Tuliwauliza akina mama waliokuwa wakichota maji, maana hao hawakuwa na cha kutuuzia. Tulichimba shimo la futi tatu. Shimo likijaa maji lenyewe, jua kwamba choo chako kitafurika. Udongo ukiwa mfinyanzi mweusi, hapana budi ujihadhari: hutanuka ukilowa, husinyaa ukikauka, na kuta hupasuka.

Hatimaye tulikwenda ofisi ya serikali ya mtaa, na kisha ofisi ya ardhi ya manispaa, kuhakikisha kwamba muuzaji ndiye mwenye haki, na kwamba ramani haikukitenga kiwanja hicho kwa barabara au shule. Huko ndiko nilikofahamishwa kuwa Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 hairuhusu ujenzi wa kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kumbe kile kiwanja cha bondeni, hata kisingefurika, nisingekuwa na haki ya kujenga juu yake!

Ndugu msomaji, dalali akikuharakisha, mwache aende na huyo mnunuzi wake mwingine. Anayekutakia mema atakuacha usubiri mvua. Wala usende peke yako. Nenda na yule mtakayelala naye chini ya paa hilo, na majina yenu yote mawili yaandikwe katika mkataba.

Leo tunakaa kwetu, kwenye mwinuko, mbali kidogo na mji. Mvua ikinyesha usiku, mke wangu bado huamka na kuchungulia uani. Nami siku hizi huamka naye.