Mkono Usioonekana Kitabuni

Huku Gehandu watoto wetu hunena Kiirakwi nyumbani. Kiswahili sanifu hukikuta vitabuni. Ni nani akisafishaye kabla hakijawafikia? Mmoja wao ni Bibi Elieshi Lema wa Kilimanjaro, aliyekuwa mhariri katika Tanzania Publishing House, kisha yeye na Bibi Demere Kitunga wakaanzisha kampuni ya E&D. Mwaka 2001 ikatoka riwaya yake, Parched Earth, kwa Kiingereza, jambo linisikitishalo kidogo.

Mhariri hufuta, huuliza, humrudishia mwandishi kazi mara ya pili na ya tatu, wala jalada halimtaji.

Binti yangu anaitaka kazi hiyo. Ami zake wasema aolewe kwanza. Mimi nimesema asome, nami nimempa makala hii aisahihishe.