Mtamba na Daftari la Mama Yake

Mwishoni mwa miaka ya 1980, ukipita Tegeta, Boko au Mbezi, jijini Dar es Salaam, alfajiri, ulisikia ndoo. Mshahara wa mtumishi wa serikali haukufika katikati ya mwezi, kwa hiyo walimu, waganga, makarani na hata wakubwa wa wizarani walijenga banda la ng'ombe nyuma ya nyumba. Upande wa Temeke, kule Mbagala na Toangoma, hali ilikuwa hiyo hiyo. Pumba zilinunuliwa kwa gunia, machicha ya bia yakatoka kiwandani Ilala, na vijana wakaleta majani kwa baiskeli.

Ng'ombe wenyewe hawakutoka mnada wa Pugu. Watu walitafuta mtamba, yaani jike ambaye hajazaa, mwenye damu ya Friesian au Ayrshire, na ikiwezekana awe tayari na mimba. Mashamba ya serikali ya kuzalisha mitamba yalikuwa machache, kama Ngerengere, Mabuki na Kitulo kule kwenye baridi ya Makete. Waombaji walikuwa wengi. Uliandika barua, ukasubiri, ukaandika nyingine. Siku ukiitwa, mnyama alikuja na karatasi yenye namba ya hereni, tarehe ya kuzaliwa, dume aliyemzaa, mama yake, na maziwa aliyotoa mama huyo katika uzao mmoja.

Marehemu baba aliisoma karatasi kabla hajamgusa mnyama. "Huyu hajakamuliwa hata siku moja, mwanangu," aliniambia. "Maziwa yake huwezi kuyaona. Ya mama yake yameandikwa hapa."

Nilipokuja kusoma habari za farasi wa mbio, nilimkumbuka baba. Kule Newmarket, Uingereza, na Keeneland, Marekani, huuzwa farasi wa umri wa mwaka mmoja ambao hawajashindana hata mara moja. Mnunuzi humtazama anavyotembea, kisha hurudi kwenye ukurasa wa ukoo wake. Waingereza walianza kuchapisha daftari la koo hizo mwaka 1791. Julai 1985, farasi mmoja wa umri huo aliuzwa Keeneland kwa dola milioni 13.1. Mama yake, My Charmer, ndiye aliyemzaa Seattle Slew, mshindi wa mbio tatu kuu za Marekani mwaka 1977. Mdogo mtu, aliyepewa jina Seattle Dancer, hakufikia sifa za kaka yake. Ukoo humpa mnunuzi sababu ya kutumaini, haumpi hakika. Hata hivyo, asiye na ukoo wa kusoma hununua rangi ya ngozi.

Huku kwetu, kanuni za kilimo cha mijini za 1992 zilituwekea mpaka: ng'ombe wasiozidi wanne, tena wafungiwe ndani. Ukiwa na nafasi nne tu, huwezi kulisha mzembe. Nadhani hapo ndipo tulipojifunza kuchagua kwelikweli. Mhamilishaji, mtaalamu wa kupandisha kwa mbegu zilizogandishwa, alikuja na mtungi wake wa naitrojeni, mbegu za madume zimetoka kituo cha Usa River, Arusha, na mitamba wakaanza kuzaliwa kwenye mabanda yetu wenyewe. Dume tulimjua kwa namba. Mama tulimjua kwa sura.

Kwangu mimi huo ulikuwa wakati bora kuliko wa karatasi za serikali. Ukisikia jirani ana mtamba, ulibisha hodi alfajiri, ukasimama pembeni mama akikamuliwa, ukarudi tena jioni, kwa sababu ndoo moja hudanganya. Uliangalia kama chuchu zote nne zinatoa, kama anatulia, kama miguu ya nyuma imenyooka. Uliuliza alivyohimili joto la Februari, maana Friesian halisi huhema pwani hii mpaka maziwa yakapungua, na chotara humshinda kwa kudumu. Na uliuliza habari za ndigana, ugonjwa unaoenezwa na kupe. Hakuna mwenye banda aliyeona aibu kujibu.

Kisha viwanja vikajaa. Ukuta ukapakana na ukuta, majirani wapya wakalalamikia harufu, na wafugaji wakasogea Kibaha, Bagamoyo na Mkuranga. Sasa mitamba hushushwa kwenye lori kutoka Arusha, Kilimanjaro au Njombe, na huuzwa kwa picha kwenye simu: chotara, mimba ya miezi sita, mama lita ishirini. Kila mama ana lita ishirini. Dalali hajawahi kumwona. Mtamba aliyelelewa ndani kwenye baridi, bila chanjo ya ndigana kali, hukutana na kupe wa pwani na hufa na mimba yake, na mstaafu aliyemnunua kwa kiinua mgongo hana wa kumuuliza.

Sheria ya utambuzi na usajili wa mifugo ipo tangu 2010, na hereni naziunga mkono kwa moyo wote, kwani zinasaidia kufuatilia magonjwa na wizi. Ila hereni peke yake haitaji lita za mama. Hizo huandikwa na mkamuaji, asubuhi na jioni, kila siku, kwa kalamu.

Baadhi yetu huku Bunju na wenzetu wa Chamazi bado tunaandika. Mtamba wangu huondoka na nakala za kurasa za mama yake na kadi ya chanjo. Mnunuzi akinitajia bei ya dalali, simbishii. Namwomba aje kesho saa kumi na moja alfajiri, mama akikamuliwa, halafu tuzungumze bei.