Herufi Tatu Nilizoziacha kwenye Seva

Mwaka 2013 nilikuwa nasimamia seva ya chama kimoja cha akiba na mikopo jijini Dar es Salaam. Wanachama waliingia kwenye tovuti yetu kuangalia salio na kuomba mkopo, na nywila zao zote zilipita kwenye mashine niliyoipanga mimi. Nilitumia Apache kuendesha tovuti na OpenSSL kusimba mawasiliano, programu huria zote mbili. Kwenye faili la mipangilio nilikuwa nimenakili mstari uliozagaa katika maelekezo ya zamani: unaanza na ALL, unafuata mlolongo wa alama, na karibu na mwisho kuna +EXP.

Binti mmoja aliyekuwa kwetu kwa mafunzo kazini aliusoma, akaniuliza, "Kaka, hizi EXP si zile njia dhaifu za usimbaji za kuuza nje ya Marekani? Bado tunazo za nini?"

Nikamjibu bila hata kugeuka. "Mambo ya zamani hayo, mdogo wangu. Ziache, wapo wanachama wenye kompyuta za kizamani."

Sina kisingizio cha kutojua. Historia yake niliijua: hadi 1996 sheria ya Marekani iliuweka usimbaji fiche kwenye orodha moja na silaha za kivita. Phil Zimmermann, aliyetoa programu ya usimbaji ya PGP mwaka 1991, alichunguzwa kwa takriban miaka mitatu kwa kuwa programu yake ilivuka mipaka kupitia intaneti. Uchunguzi ukafungwa 1996 bila mashtaka. Kampuni zilizotaka kuuza nje zilibanwa kwenye funguo za biti 40, na za RSA zisizozidi biti 512. Ndiyo maana kivinjari cha Netscape kilikuwa na matoleo mawili, la nguvu kwa Wamarekani na dhaifu kwa sisi wengine.

Watu wa programu huria walihamia nje ya mkono wa Washington. Mfumo endeshi wa OpenBSD ulijengwa kutokea Kanada. SSLeay, iliyozaa OpenSSL, iliandikwa na Eric Young na Tim Hudson huko Australia. Nilipenda kuwasimulia vijana habari hizi kwa majigambo, hasa ile ya Januari 2000, Marekani ilipolegeza kamba na kuruhusu msimbo wa wazi uchapishwe mradi mwandishi atume taarifa kwa barua pepe. Kuna kitu nilikuwa nakiruka. SSLeay haikulazimika kutii masharti yale, lakini ilibeba usimbaji dhaifu pia, maana vivinjari vingi vilivyotoka Marekani havikujua mwingine. Sheria ikaingia kwenye msimbo wa watu isiowahusu. Ilipolegezwa, msimbo ukabaki vilevile.

Machi 2015 shambulio la FREAK likatangazwa. Mtu aliyejipenyeza kati ya mteja na seva angeweza kuiomba seva ule ufunguo wa biti 512, na kwa hitilafu iliyokuwamo, vivinjari vya Android na vya Apple vikaupokea ingawa havikuuomba. Kuuvunja kulihitaji saa kama saba na dola kama 100 za kukodi kompyuta. Tena Apache iliutengeneza mara moja tu inapowashwa, ikautumia mpaka izimwe. Yangu haikuwa imezimwa kwa miezi. Tovuti ya NSA yenyewe, shirika la ujasusi la Marekani, ilikutwa na udhaifu huo. Nikacheka, halafu nikakumbuka kwamba wanachama wetu wengi waliingia kwa simu, kwenye Wi-Fi za migahawa.

Usiku huohuo niliibadili alama ya kujumlisha kuwa ya mshangao, !EXP, nikaiwasha seva upya. Kosa kubwa zaidi nililifanya kesho yake. Meneja aliuliza kama jambo hilo linatuhusu. Nikasema, "Sisi tuko salama, bosi." Tulikuwa salama tangu usiku wa kuamkia siku hiyo. Sikuandika ripoti, wanachama hawakuambiwa wabadili nywila, na kama kuna aliyesomewa yake, hapana rekodi, kwa sababu sikutaka ichunguzwe. Binti yule alikuwa ameshaondoka. Sikumtafuta kumwambia kuwa aliona sawasawa.

OpenSSL iliung'oa kabisa usimbaji huo katika toleo la 1.1.0, mwaka 2016, lakini seva yenye toleo la nyuma bado inaweza kuwa nao. Kama unasimamia moja, angalia toleo lako leo, kisha fungua faili la mipangilio. Ukikuta EXP haina alama ya mshangao mbele yake, iweke, na uwaambie wenye akaunti.