Kompyuta ya nyumbani: isikilize kabla ya kuinunua

Wengi wenu mnaniuliza natumia kompyuta gani kutengeneza habari nyumbani. Mnauliza nguvu yake na bei yake. Mimi naanzia kwenye kelele.

Hapa Goma wengi tunaishi katika nyumba za mbao. Chumba kile kile wanalala watoto, tunapokea jamaa waliokimbia vita, na usiku mimi narekodi sauti. Kati ya kazi zangu ni matangazo ya kutafuta watu waliopotezana njiani: jina la mtoto, jina la baba, kijiji walikotoka. Mashini yangu ya zamani ilivuma kama kinu cha kusaga unga. Siku moja tangazo lilirudishwa kutoka redioni: jina la mtoto halisikiki. Kwa familia inayongoja, jina lililomezwa na kelele ni sawa na jina ambalo halikutangazwa.

Kelele hiyo inatoka sehemu mbili. Ya kwanza ni feni, ile ventilateri ndogo inayopoza prosesa. Prosesa ikila umeme mwingi inapata moto, na feni inakimbia. Ya pili ni diski ya zamani, inayozunguka mara 5400 ao 7200 kwa dakika. Diski ya SSD haina kitu kinachozunguka. Iko kimya, na inavumilia mitikisiko ya pikipiki.

Kwa kuandika, masomo ya watoto na kukata sauti, prosesa ndogo inatosha. Intel N100, kwa mfano, imepangiwa wati 6 tu, na mashini zingine zinazoitumia hazina feni kabisa. MacBook Air zilizotoka tangu mwisho wa 2020 nazo hazina feni, lakini bei yake si ya kila mfuko. Mashini isiyokula umeme mwingi inasaidia pia wenye kutegemea sola.

Ukifika kwa muuzaji, usiridhike na kuiona inawaka. Fungua video, uiache dakika 15, kwa maana feni haikimbii mpaka joto lipande. Kisha sogeza sikio, gusa na upande wa chini. Uliza kama diski ni SSD na kama memori inafika GB 8.

Kama unayo ya zamani, usiitupe. Vumbi nyeusi ya makoro yetu inaziba feni. Fundi anaweza kuisafisha na kubadilisha diski. Nyumbani iweke juu ya meza ao kipande cha ubao, si juu ya godoro, maana godoro linaziba njia ya hewa.

Na wewe unayetafuta mtu wako: kabla ya kumfikia mwandishi wa habari, andika majina yote kwenye karatasi, herufi kwa herufi, pamoja na kijiji. Uyasome polepole, mahali penye utulivu. Hayo majina ndiyo yanapaswa kusikika.