Kupanda Mlima Mahali Pasipo Mlima

Katikati ya Houston ni takribani mita 15 tu juu ya usawa wa bahari. Anayetaka kuuandaa mwili wake kwa milima hana budi kuubuni mlima wenyewe. Ndiyo maana wako watu wanaopanda na kushuka ngazi za majengo ya maegesho ya magari, wamebeba mashanta yaliyojaa chupa za maji. Wengine huenda kaskazini, katika msitu wa Sam Houston, ambako njia ya Lone Star huambaa kati ya misonobari kwa zaidi ya kilomita 150, lakini huko nako miinuko ni haba.

Binamu yangu anayeishi Dallas ana nafuu. Kusini-magharibi mwa jiji lake ipo hifadhi ya Cedar Ridge, yenye vilima vya mawe ya chokaa, vifupi lakini vikali. Anajiandaa kufika Uhuru, mita 5,895. Najua, naye anajua, kwamba Texas itampa miguu na pumzi ndefu, ila haitampa hewa nyepesi: kileleni kanieneo ya hewa ni karibu nusu ya ile ya pwani. Hilo mwili hujifunza mlimani penyewe, polepole.

Neno *mazoezi* limetokana na *kuzoea*. Nililitafakari hilo sana nikiwa ngazini, mfuko wa mchele wa kilo 10 mgongoni. Kwetu Marangu, mama alikuwa akishuka hadi tambarare kukata majani ya ng'ombe, kisha anapanda nayo kichwani hadi kihambani. Alizoea, lakini hakuna aliyeyaita mazoezi. Wapagazi wa Kilimanjaro nao, ambao mzigo wao umewekewa kikomo cha kilo 20, wako kazini. Tofauti si uzito. Mzigo wangu naweza kuutua wakati wowote nipendapo, na jioni nikaupika.

Mimi sijiandai kwa kilele. Mama amevuka miaka 80, na miguu yake haimfikishi tena barabarani. Siku ya kwenda hospitali, vijana wa jirani humteremsha kwa zamu juu ya kiti, kwenye kijia ambacho mvua hukifanya kiteleze. Desemba hii, Wachagga watakaporudi nyumbani kama ilivyo desturi, nataka bega moja kati ya hayo liwe langu.

Kwa hiyo nafanya mazoezi ya kushuka kuliko ya kupanda. Wengi hudhani kushuka ni kupumzika. Sivyo: misuli ya mapaja hukaza huku ikirefuka, ikizuia mwili kama breki, na kesho yake ndiyo inayouma. Nashuka ghorofa saba, hatua fupi, magoti yamelegezwa, mkono mbali na ukuta. Mlinzi wa usiku aliwahi kuniuliza najiandaa kwa mlima gani. Nikamwambia, nyumbani kwa mama.