Mwendo wa Pole

Mwanafunzi wangu mmoja wa Arusha aliniletea filamu fupi aliyoipiga kwa simu, juu ya bibi yake aliyekuwa akiuza ndizi sokoni Tengeru, chini ya Mlima Meru. Bibi amekwisha kufariki. Katika filamu hiyo kila kitu kilikwenda pole: mguu, mkono, jani na wingu. Nilimwambia kuwa huzuni iliyotandazwa kote haionekani popote. Nikamtajia Akira Kurosawa, Mjapani, ambaye katika Seven Samurai ya mwaka 1954 alimpunguzia mwendo mwizi aangukaye kufa, ilhali watazamaji waliomzunguka wakionekana katika mwendo wao wa kawaida.

Alinijibu kwa adabu: “Mwalimu, nikimwacha bibi aende upesi, atapita.”

Neno hilo lilinikaa moyoni. Sinema, aghalabu, huonyesha picha 24 kwa sekunde. Atakaye mwendo wa pole hupiga picha nyingi zaidi, tuseme 48, kisha huzionyesha kwa kadiri ile ile ya 24. Basi sekunde moja ya maisha huwa mbili machoni. Upole huo hauzaliwi mwishoni. Huwekwa akiba tangu mwanzo.

Usiku ule nilitafuta katika simu yangu filamu ya marehemu mama akishuka njia ya kijijini kwetu, siku ya mwisho niliyomwona. Nikampunguzia mwendo. Mama akawa anakwenda kwa kushtukashtuka, kwa kuwa picha hazikutosha. Nilikuwa nimempiga kwa haraka, mguu wangu mmoja ukiwa ndani ya gari. Programu iliweza kuziba mapengo kwa picha za kubuni, lakini hatua za kubuni si hatua za mama. Nikaizima.

Asubuhi nilimwita yule kijana nikamwomba achague mahali pamoja tu. Alichagua mkono wa bibi ukifunga fedha za mauzo katika pindo la khanga. Mengine yote aliyaacha yaende mbio, kama soko liendavyo.

Tulipoitazama, fundo lile lilichukua muda mrefu kukaza, na kila kidole kilionekana. Yeye alikuwa amesimama mbele ya bibi yake akamtazama vya kutosha. Nilimpa alama alizostahili, wala sikumweleza kwa nini nilichelewa kuwasha taa.